Tulimwita Kapepo

Jina alipewa na nkambo yake, mama mzaa baba, wiki ile ile aliyoanza kusimama kwa miguu yake. Watoto wengine huanza na hatua mbili, wakaanguka. Yeye alitoka mlangoni, akapita kati ya mbabula mbili, majiko yetu ya makaa, zilizokuwa zinawaka, akafika kwenye mfereji wa barabara kabla hata mmoja wetu hajainuka kwenye mkeka. Nkambo alipiga makofi akicheka: "Aka katoto kanafanana na mupepo. Hakashikike!" Tangu siku hiyo ni Kapepo, na hapa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi nchini Kongo, majirani wengi hawalijui jina lake la ubatizo.

Sasa ana miaka 10, yuko mwaka wa nne wa shule ya msingi. Ana kitu ambacho madaktari wetu wa Lubumbashi wanakiita kwa kifupi cha Kifaransa, TDAH, na wasomaji wa Nairobi au Dar es Salaam wanakijua kama ADHD: hali ya ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Mimi mama yake ninayo pia. Yangu niliijua nikiwa na miaka 37, kwenye kiti kile kile cha hospitali nilipompeleka yeye. Naandika kwa sababu kati ya jina la nkambo na jina la daktari mtoto wangu alipewa majina mengine, na moja kati ya hayo nusura limuue.

La kwanza lilitoka shuleni: kichwa nguvu. Alipoanza mwaka wa kwanza, darasa lilikuwa na watoto 72, watatu watatu kwenye benchi, maana tangu masomo ya msingi yafanywe bure mwaka 2019 shule zimejaa. Katika umati huo Kapepo alisimama katikati ya somo, alijibu kabla swali halijaisha, alitoka kwenda kuangalia kelele za nje. "Mama," mwalimu aliniambia, "mutoto yako eko na akili, ila hataki."

Neno hilo, hataki, nilirudi nalo nyumbani nikaanza kumpiga. Sitalizunguka jambo hili. Nilimpiga kwa kupoteza biki. Nilimpiga kwa kupoteza sweta la shule mara tatu katika muhula mmoja. Nilimpiga siku niliyomtuma chumvi akarudi bila chumvi na bila pesa, ameshika konokono mkononi, anataka kunionyesha. Kila mara aliahidi kubadilika, akilia, na nilimwona kwamba anaahidi kwa moyo wote. Kesho yake yalikuwa yale yale. Swali moja sikujiuliza mwaka mzima: mtoto anayeijua adhabu inayomngoja, na anayeiogopa, anarudiaje kosa kwa kutaka?

Kilichotupotosha zaidi ni mpira. Uwanja wa TP Mazembe uko hapa hapa Kamalondo; siku ya mechi nyumba yetu inatetemeka. Kapepo anaangalia dakika 90 bila kugeuza shingo. Anaijua kwa moyo timu iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mwaka 2010, kabla hajazaliwa: Kidiaba golini, Kabangu na Kaluyituka walioifunga Internacional ya Brazil mbili kwa bila. Kuzidisha kwa tatu hakuingii kichwani. Mume wangu alisema, "Unaona? Akitaka, anaweza." Nami niliona vivyo hivyo.

Jina la pili lilitoka kwenye chumba cha maombi. Wifi yangu ndiye aliyenishauri, kwa nia njema, na mimi nilikuwa nimechoka. Mtu aliyeongoza maombi alimwuliza mtoto anaitwa nani, naye akajibu kama anavyomjibu kila mtu: "Kapepo." Watu wakaguna. Yule mtu akatugeukia: "Mumesikia wenyewe. Jina linasema." Nkambo alisema upepo, wao wakasikia pepo. Wakamwambia afumbe macho atulie wakati wanamwombea, jambo ambalo Kapepo hawezi kulifanya hata kanisani siku ya Krismasi. Kila alipofungua macho, kila alipojikuna mguu, wakahesabu kuwa ni ushahidi. Uamuzi ukawa abaki pale siku tatu bila chakula wala maji.

Nilikubali. Nikakaa naye usiku wa kwanza kwenye sakafu ya saruji pamoja na watoto wengine wanne. Karibu saa kumi ya usiku aliniuliza kwa sauti ndogo: "Mama, nikikunywa maji kidogo, pepo atajua?" Alikuwa na miaka 7. Nilimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, miguu yake inanigonga magotini, tukatoka. Nilimnyweshea kwenye bomba la kwanza tulilolikuta wazi. Wale wanne wengine niliwaacha. Nawakumbuka mara nyingi.

Baadaye nilijifunza kwamba nchi yetu ina sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na kifungu chake cha 160 kinamfunga mwaka 1 hadi 3 mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Ningeijua usiku ule ningesimama nikaisema kwa sauti. Wapo mashege, watoto wa mitaani, wanaolala sokoni ambao safari yao ilianzia kwenye sakafu kama ile, na siku hizi nikiwapita najiuliza ni wangapi walikuwa watoto wasiotulia tu.

Aliyetuonyesha njia ni muuguzi mmoja, mteja wangu. Mimi ni mshonaji, mashine yangu iko barazani. Alikuja kuchukua gauni la kikwembe ambalo lilipaswa kuwa tayari siku nne nyuma. Akingoja nimalize pindo alimwangalia Kapepo saa nzima, halafu akasema: "Mama, huyu mutoto mumupeleke kwa munganga. Si wa malaria. Wa mambo ya akili ya watoto." Nilikasirika. Mtoto wangu si kichaa, nilimjibu. Hakubishana nami; aliandika jina la idara kwenye karatasi akaiweka chini ya mkasi wangu. Ilikaa pale miezi miwili.

Nilipokwenda nilitegemea mashine. Nilidhani watamtoa damu, au watampiga picha ya kichwa, na ugonjwa utaonekana kama mfupa uliovunjika unavyoonekana. Hakuna kipimo cha namna hiyo kwa hali hii, na mtu akikuuzia picha ya kichwa eti ionyeshe TDAH, rudi nyumbani na pesa yako. Daktari alitumia maswali. Alituita siku tatu tofauti, akawauliza mama na baba kila mmoja peke yake, akatupa karatasi ya mwalimu ajaze.

Kabla ya yote alitafuta mambo mengine yanayoweza kuvaa sura hiyo hiyo. Alipima masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri naye anaonekana hasikilizi. Macho. Akauliza kama anakoroma na anavyolala, anakula nini asubuhi, kama ana upungufu wa damu. Akauliza kuhusu kifafa kile kisicho na kuanguka, ambacho mtoto anakodoa macho sekunde chache kama ameondoka, halafu anarudi. Alimtoa mtoto akaongea naye peke yake kama kuna mtu anayemtisha au kumwumiza nyumbani. Waliporudi, daktari aliniangalia, na nilijua Kapepo amesema kweli. Akauliza pia tunakaa upande gani wa mji, kwa sababu hapa tunaishi na vumbi la madini, na madini ya risasi, yale ya plomb, yakiingia mwilini mwa mtoto yanadhuru ubongo na umakini wake. Tangu siku hiyo nyumba yangu inapigwa deki kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi kavu, na mikono inanawishwa kabla ya bukari, ugali wetu, hata kama mtoto anaapa ni misafi.

Jambo lililomsumbua zaidi ni malaria. Kapepo aliugua vibaya akiwa na miaka 3, akapata degedege, akalazwa. Malaria ikifika kwenye ubongo inaweza kumwachia mtoto shida za umakini na tabia kwa muda mrefu. Daktari alitaka kujua: kabla ya ugonjwa ule alikuwaje? Mume wangu, ambaye siku zote tatu alikuwa amekaa kimya, ndiye aliyejibu. "Munganga, jina la Kapepo alipewa akiwa na mwaka moja." Daktari akaandika. Jina lililotumika kumhukumu kule likawa ushahidi wa kumsaidia hapa.

Kisha akatueleza anavyohesabu, kwa vipimo ambavyo madaktari wa akili wa Marekani walivitoa upya mwaka 2013. Kuna alama 9 za kukosa umakini: kupoteza vitu, kusahau, kutomaliza kazi, kuonekana husikilizi hata unaposemeshwa moja kwa moja. Kuna nyingine 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto awe na 6 za upande mmoja au za pande zote mbili, zidumu angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, na ziwe zinamharibia masomo au maisha na watu. Hilo la mahali lina maana kubwa: mtoto anayesumbua shuleni tu pengine ana shida na shule. Kapepo alikuwa Kapepo shuleni, nyumbani, kanisani na kwa nkambo.

Nikamuuliza kuhusu mpira. Alitabasamu, nadhani kila mzazi huuliza. Alisema umakini anao, tena mwingi. Kinacholegea ni usukani wake. Kitu kinachosisimua kinamvuta chenyewe, na daftari la hesabu halimvuti, kwa hiyo hapo inabidi ajivute mwenyewe, na ni hapo ndipo ubongo wake unapochelewa. Halafu akasema neno ambalo limebadilisha nyumba yetu: "Huyu anajua la kufanya. Msimfundishe tena kujua. Msaidieni pale pale anapotakiwa kufanya."

Shemeji yangu, tulipomweleza, alisema haya ni mambo ya simu na ya wazungu. Nilikuwa nimejiandaa. Daktari wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu wasioweza kushika umakini mwaka 1798. Mwaka 1902 George Still aliwaeleza wenzake London kuhusu watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Mji wetu wenyewe ulianzishwa 1910. Hakukuwa na simu ya mkononi ya kulaumu.

Mwisho wa siku ya tatu, daktari alifunga jalada, kisha akalifungua tena. "Na wewe, mama?"

Alikuwa ameniangalia. Nilikuja siku ya kwanza nimechelewa saa mbili, siku ya pili nilisahau karatasi ya mwalimu, siku ya tatu niliacha mwavuli wangu mapokezi na pochi kwenye taxi-bus. Akanieleza kwamba hali hii inarithiwa sana. Utafiti wa mapacha unaweka mchango wa urithi kwenye kama asilimia 74. Akaniuliza maswali yale yale, kwa sura ya mtu mzima.

Naanza magauni sita, namaliza moja. Siku ya harusi ya mteja ndiyo siku ninayoshona bila kuinua kichwa, usiku kucha, na linatoka zuri hadi watu wanalia, kisha mwili unaniuma siku tatu. Naunguza sombe, mboga ya majani ya muhogo. Namkatiza mtu neno. Pesa ya kodi nimeiweka mahali salama, na mahali hapo sipakumbuki. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na jina moja la kujiita, mvivu, ingawa kwa usiku nalala kwa muda wa saa tano tu.

Kwa mtu wa miaka 17 na zaidi zinatosha alama 5, lakini lazima ziwe zilianza utotoni. Nikampigia mama yangu, yuko Likasi. "Wewe?" alisema. "Wewe ulikuwa wingu. Nilikuwa nakuita, uko pale, ila hauko." Alikuwa amezitunza bultini, ripoti zangu za shule, kwenye sanduku la karatasi za kuzaliwa. Mwaka hadi mwaka walimu waliandika jambo lile lile kwa maneno tofauti: ana akili, yuko mbali. Sikukimbia, sikupiga kelele, sikumsumbua mtu. Nilikaa nyuma nikiangalia dirisha hadi nilipoacha shule, mwaka wa tatu wa sekondari. Wasichana wengi wanapita hivyo, bila mtu kuwatambua. Nililia siku kadhaa. Nilimlilia yule msichana kuliko nilivyojililia mimi wa leo.

Dawa ipo. Inaitwa methilifenideti, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na Leandro Panizzon wa kiwanda cha Ciba, na jina la Ritalin lilitokana na mke wake, Rita. Inawasaidia watoto wengi, inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, na inataka daktari anayepima moyo, uzito na urefu wa mtoto. Mwaka 2021 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, na nadhani uamuzi huo unawaumiza watoto wa nchi kama yetu, kwa sababu kisichokuwa kwenye orodha ile ni vigumu kukiona dukani. Mimi nilizunguka maduka manne sikuipata. Ya kununua kwa mtu asiyejulikana sitaki hata kuisikia. Tumekubaliana na daktari tuliangalie tena suala hilo atakapokaribia sekondari.

Basi tunafanya kazi pale pale anapotakiwa kufanya, na hapa nitakaa kidogo.

Zamani nilikuwa nikipiga kelele kutoka barazani: nenda chumbani, vua viatu, leta daftari, ukitoka uchukue bidoni ya maji. Aliingia chumbani, akapotea. Sasa naacha mashine, namwendea, namgusa bega, nangoja macho yake, nasema jambo moja. Akirudi nasema la pili. Inanichukua dakika tatu. Zamani ilinichukua jioni nzima na fimbo. Biki inaning'inia kwenye mkoba kwa uzi. Sweta limeshonewa kitanzi chekundu, na msumari wake uko usawa wa pua yake, karibu na mlango, kwa hiyo hapiti bila kuliona. Masomo ya nyumbani tunayafanya kwa vipande: hesabu tano, kisha anakimbia hadi mwembe wa jirani na kurudi, au anachota bidoni ya lita 5, kisha tano nyingine. Umeme ukikatika nawasha mshumaa, na kwa kweli usiku huo anasoma vizuri zaidi, maana kitu kinachoonekana ni daftari tu. Akifanya vizuri nasema saa hiyo hiyo. Ahadi ya zawadi ya mwisho wa mwezi kwake iko mbali kama Kinshasa.

Bado nakasirika. Mwezi uliopita nilimfokea mpaka jirani akaja. Fimbo nimeichoma kwenye mbabula, hilo nalisema kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba aitie.

Na mimi najifanyia vile vile. Nakata kitambaa kimoja tu. Vingine vimefungiwa kwa msusi wa jirani, na ana ruhusa ya kuninyima. Daftari la wateja limefungwa kwenye mguu wa mashine. Nimemchukua msichana wa kujifunza kushona, na nimegundua kwamba akikaa karibu nami tu, hata bila kusema neno, namaliza nilichoanza. Sombe siichemshi tena nikiwa na kazi mkononi. Anapika msichana huyo, au mume wangu, ambaye mama yake bado hajaamini macho yake.

Kwa mwalimu nilikwenda mwanzoni mwa mwaka huu, na barua ya daktari. Huyu wa sasa ni mzee, anafundisha tangu mimi niko mtoto. Nilimwambia kwamba duniani kama asilimia 5 ya watoto wana hali hii, na watu wazima kama asilimia 2.5. Akatazama mabenchi matupu ya darasa lake, akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo kwangu wako tatu, ao ine." Akataja wavulana wawili haraka. Kisha akanyamaza sana, akanyoosha kidole kwenye benchi la mwisho karibu na dirisha. "Na ule mutoto mwanamuke. Hasumbuake. Nilisema tu anapenda kulala."

Kapepo amehamishiwa benchi la mbele, mbali na mlango. Yeye ndiye anayefuta ubao na kwenda kuchukua chaki, kwa hiyo anasimama mara sita asubuhi bila kosa. Swali la mtihani anaulizwa moja moja. Kuzidisha kwa tatu amekushika kwa kurukaruka uani, tatu, sita, tisa, kila tofali namba yake.

Jumanne alisahau tena daftari la hesabu. Nililiona mezani saa tatu, nikafunga mashine, nikaenda nalo kwa miguu. Mwalimu alinipokea mlangoni akacheka: alikuwa amenunua daftari la pili kwa pesa yake, linakaa kabatini mwa darasa, halirudi nyumbani. Limeandikwa juu kwa kalamu nyekundu, KAPEPO. Kando yake kabatini kulikuwa na jingine, lina jina la msichana wa dirishani.